Kasuku Mwenye Kitambaa cha Buluu

Ukitaka kumjua Mwalimu, anza na mgongo wake, kwa sababu uso wake wachache waliuona. Uso ulikuwa juu, kwenye matawi. Ukimsalimu njiani hapa Mangobo alikujibu huku anatazama mchikichi wa jirani: "Jambo, mama, habari ya nyumba?" Na kabla hujamwambia kwamba nyumbani kuna homa, kidole kimeshapanda hewani. "Ssss. Sikiliza." Unasikiliza. Unasikia moto, pikipiki zetu, zinapita, mashine ya kusaga mihogo, mama fulani anamtukana mume wake. Yeye amesikia ndege.

Sasa amehamia Banalia, kwa ndugu za mke wake, na watu wa kata yetu wameanza kumsifu kama marehemu. Hajafa. Anakula vizuri, nimehakikisha. Lakini kila ninapokwenda kuteka maji ninasikia: ah, yule mzee, mtu wa kweli, mtu mpole, hakuwahi kudanganya hata mtoto. Hapo kwenye mtoto ndipo ninapoweka ndoo chini. Ninaandika haya kabla hawajamtengenezea sanamu.

Alikuwa na koti la kijani lenye mifuko minane, na alilivaa katika joto la Kisangani kama mtu aliyeapa. Mfuko wa juu kushoto ulikuwa wa kalamu. Mmoja wa kisu. Mmoja wa karanga ambazo hakumpa mtu. Mingine sijui. Aparei yake ya kupigia picha aliifunga ndani ya mfuko wa plastiki wa mkate, kisha ndani ya taulo, kisha ndani ya begi. Ilikuwa na uzito wa mtoto wa miezi mitatu, na ilibebwa vizuri kuliko watoto wengi wa kata hii.

Ndege aliyemtafuta ni kasuku, huyu wetu wa kijivu mwenye mkia mwekundu. Hakuna mtu wa Kisangani asiyemjua. Tunamjua kwenye kizimba mbele ya nyumba ya tajiri, tunamjua ndani ya sanduku lenye matundu chini ya magunia ya makala ya kupikia. Mwalimu alitaka kumpiga picha akiwa porini, karibu, mpaka jicho lionekane. Alihangaika miaka na miaka. Darasani alituletea matokeo, akayapitisha dawati kwa dawati kwa heshima kama vile anagawa komunyo: picha za mbingu, na ndani ya mbingu vidoa vitano vyeusi.

"Mnaona nini?"

"Uchafu, Prof," nilijibu mimi.

Darasa lilicheka. Yeye hakucheka, wala hakukasirika. "Hawa ni kasuku watano, wanatoka kulala, wanaenda kula. Ukiwa na haraka, binti, kapige picha ya kuku."

Hiyo ndiyo ilikuwa dawa yake ya kila ugonjwa. Ukilalamika kwamba mtihani ni mrefu: kapige picha ya kuku. Mke wake akiuliza bati la jikoni litazibwa lini: kapige picha ya kuku. Mke huyo, mama mnene mwenye sauti nzuri ya kwaya, alikuwa na jibu lake. "Miye nimeolewa na mugongo," alituambia sisi wasichana. "Siku mugongo utageuka nitauliza: na weye papa, unatafuta nani hapa?"

Nyuma ya kila picha aliandika kwa kalamu, herufi ndogo zilizosimama wima kama askari: mahali, saa, na mwisho maneno mawili, *bila hila*. Maana yake hakumwagia ndege chakula, hakumfunga, hakumtishia ili aruke vizuri, hakukata kipande cha picha ili iwe nzuri. Hata vile vidoa vilikuwa bila hila. Nilimwuliza siku moja nani angefanya hila ili apate doa. Akasema, kwa sauti ile ile ya kufundisha mmeng'enyo wa chakula, kwamba picha ni ushahidi, na shahidi akidanganya mara moja hata ukweli wake wa zamani unaoza. Nikaandika kwenye daftari. Daftari ninalo bado. Nililitafuta baadaye kwa hasira, ninajua ukurasa.

Lazima niseme na hili, ingawa linanikera. Nilipopata mimba katika mwaka wa mwisho, shule iliniambia nikapumzike nyumbani, neno tamu la kufukuza. Mwalimu alikuja siku ya tatu. Hakuniuliza mimba ni ya nani, jambo ambalo mpaka muuza kwanga, ile mikate ya muhogo, alikuwa ameshauliza. Alikaa kwenye kigoda chini ya ukingo wa bati, mgongo kwangu, uso kwenye miti, akaanza somo mahali tulipoachia. Alikuja kila alasiri mpaka mtihani. Baba yangu akamwambia, "Prof, unajisumbua, huyu ameshaharibika." Mwalimu akajibu bila kugeuka: "Papa, mimba haiko ugonjwa wa kichwa."

Diploma yangu ya Serikali, cheti cha sekondari, ilitoka kwenye kigoda kile. Basi, nimesema. Tuendelee na hasira.

Mtoto akazaliwa, msichana. Hapa watoto wa kike tunawaita Mama, na mimi ninamwita hivyo hivyo, Mama. Baba yake alikuwa kaporali katika kambi ya Kapalata. Mama alipofika miaka mitatu, baba yake alikuja siku moja na kofia mkononi, na ndani ya kofia kinda la kasuku, halina manyoya, baya kama ugonjwa. Askari mwenzake alilipata chini ya mti. Tukalilisha uji kwa kijiko. Wiki chache baadaye baba yake alipelekwa mashariki. Alimbeba Mama mabegani mpaka barabara ya lami na kumwambia, "Nitarudi, mulinde ndege." Hajarudi. Mwanzoni alipiga simu, sasa simu inaita tu. Sina habari kwamba amekufa, wala kwamba yuko hai, na yeyote anayeniambia nivumilie namwonyesha mlango.

Mama alilinda ndege. Alimwita Kaporali. Alilala karibu na kizimba, alimpa nusu ya ngazi zake za mchikichi, alimweleza mambo ya shule. Na ndege alijifunza kusema, lakini hakujifunza kwa mtoto mpole. Alijifunza kwangu. "Ondoka!" "Funga mulango!" "Weye mwizi!" Sauti yangu tupu. Wachuuzi walikuwa wanasimama barabarani na kuomba msamaha.

Mwalimu alipita akasikia, akaingia, na mara moja katika maisha yake akatazama chini. Alitazama kizimba.

"Hii iko jela," alisema.

"Karibu, Prof. Kiti iko hapo."

"Ndege huyu anaruka mbali kila siku kutafuta chakula. Hapa anaruka wapi? Kutoka kijiti cha kwanza mpaka kijiti cha pili. Na unamukata mabawa. Binti niliyemufundisha miye!"

"Na maneno yake, Prof, umesikia?"

"Nimesikia. Kasuku wote wanaiga mluzi wa msitu. Wako anaiga fujo ya Mangobo."

Alirudi kila Jumapili baada ya misa kunihubiria. Sikufungua kizimba, kwa sababu sikuwa na njia ya kumwambia mtoto kwamba anachokilinda ni mfungwa. Lakini mahubiri yale yalinichosha, nikaacha kukata mabawa. Yakaota vizuri, marefu. Shikeni hilo la mabawa, nitalirudia.

Nilikuwa nimekwenda porini na Mwalimu mara moja kabla ya hayo, Mama akiwa bado mtoto wa mgongoni. Binamu ya mke wake ana shamba kwenye barabara ya Banalia, lenye michikichi mizee ambayo kasuku wanaipenda. Alitaka mtu wa kushika begi, nami nilikuwa na deni la shukrani, ugonjwa mbaya. Tulilala kifudifudi kwenye majani yenye umande kuanzia mapambazuko. Siafu walinipanda. Saa ya pili nikasema "Prof." Akasema "Ssss." Saa ya tatu kasuku wakaja, wengi, wanapiga mluzi, wanateremka, wanateremka, na Mama akakohoa. Kikohozi kimoja, cha mtoto. Wakaruka wote.

Mwalimu hakugombana. Alifunga kifuniko cha aparei, akatia kwenye taulo, akatia kwenye plastiki, akasema polepole: "Bon. Mutu na mutoto wake hawana kazi hapa." Tulirudi kilomita zote zile juu ya moto moja, watu watatu na dereva. Huyo ndiye mtu mpole mnayemlilia kisimani.

Sasa nije kwenye jambo lenyewe.

Kila mtu wa njia ya Banalia anajua watega kasuku wanavyofanya kazi. Wanachukua kasuku mmoja aliyezoea watu, wanamfunga mguu kwa kamba, wanampandisha juu ya mti. Wanamwita *mwitaji*. Anaita wenzake, wenzake wanashuka kumwona, matawi yamepakwa gundi, basi. Mwalimu alichukia kazi hiyo kuliko dhambi zote saba. Aliwahi kumpokonya kijana mmoja debe la gundi na kulimwaga mtoni, akapigwa kofi, akarudi na shavu limevimba, ana furaha.

Halafu mwaka mmoja macho ya Mwalimu yalianza kufunga utando. Alianza kuwasalimu watu wasiokuwepo. Mke wake akaniambia daktari amesema macho yatafunga, labda taratibu, labda upesi. Na Mwalimu alikuwa bado na vidoa tu. Asubuhi moja alisimama uani kwangu na koti lake, ametazama chini, na mimi nikajua kuna ubaya.

"Binti yangu, nikopeshe ndege."

"Ndege gani? Huyu mufungwa?"

"Siku moja tu. Jioni nitamurudisha."

"Prof, weye ulisema kizimba iko jela."

"Sitamupeleka na kizimba. Nitamufunga kamba, kwenye mti mufupi. Bila gundi."

"Ah bon. Kizimba iko jela, alors kamba iko masomo."

Kisha akasema: "Nitaona nini tena, mama? Nipe siku moja."

Mimi ningekataa. Ninataka ijulikane kwamba mimi ningekataa. Lakini Mama alikuwa mlangoni, ana miaka sita, amesikia yote, akauliza: "Utamurudisha kweli?"

"Jioni," alisema Mwalimu.

Mtoto huyu alikuwa tayari na mtu mmoja aliyesema atarudi. Aliingia ndani, akachana kipande cha kikwembe changu cha buluu, tena kitenge kile kizuri, akamfunga Kaporali mguuni, chini ya kamba, ili kamba isimwume. Akamwambia ndege, "Usiseme matusi huko."

Jioni Mwalimu alirudi peke yake. Alikuwa ameshika unyoya mmoja mwekundu. Alimpa Mama unyoya, akasema kwamba kipanga alishuka, akamchukua Kaporali, ilikuwa haraka.

"Alilia?" aliuliza Mama.

"Hapana. Hakulia."

Tulizika unyoya ndani ya kopo la maziwa, nyuma ya migomba. Mama aliimba wimbo wa kanisani. Na Mwalimu alikuja. Alivaa tai! Alisimama pale juu ya kaburi la kopo, mikono mbele, ameinamisha kichwa, na mimi mjinga nilimwonea huruma, nikampa kiti.

Baada ya hapo mtoto wangu aliogopa kivuli. Kikipita kivuli cha ndege yeyote ardhini, hata kunguru, aliingia ndani mbio. Alirusha mawe juu. Na usiku mmoja aliniuliza, kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayeuliza chumvi: "Na papa, alichukuliwa na kipanga pia?"

Nilifinyanga lituma ya kesho yake kabla ya alfajiri, nikitwanga ndizi mpaka jirani akagonga ukuta.

Miezi mingi ikapita. Siku moja mke wa Mwalimu alikuja na kitu bapa kimefungwa ndani ya kikwembe. Alikaa, akashusha pumzi. "Nilikuwa ninageuza godoro," alisema. "Miye nimebeba mugongo wake miaka yote. Hii siwezi kubeba."

Ilikuwa picha kubwa. Na kwa kuwa nimeahidi kusema ukweli: sijawahi kuona kitu kizuri namna ile. Kasuku saba kwenye shina la mchikichi, karibu kiasi cha kuhesabu manyoya, umande mgongoni, mikia kama makaa. Jicho la wa katikati lilinitazama moja kwa moja, la manjano, lenye dharau. Na mguuni mwa huyo wa katikati, kitambaa cha buluu. Kikwembe changu. Hana kamba.

Niliigeuza. Nyuma aliandika mahali. Aliandika saa. Kisha hapakuwa na kitu.

Sikumbuki nilivyofika kwake. Ninakumbuka watu walinipisha.

"Kipanga iko wapi?" nilimwuliza. Nilimwekea picha magotini. "Nionyeshe kipanga hapa, Prof. Miye sina utando, lakini simuoni."

Alipapasa picha kwa vidole. Hakuwa na haja ya kuitazama. Akasema: aliangalia ndani ya aparei, wenzake Kaporali wameshuka wote, kitu alichokisubiri maisha yake, na katikati anaona kamba. Kamba hiyo ilikuwa uongo. Kasuku wa pori hana kamba. Akatambaa, akatoa kisu, akaikata; wenzake waliruka, Kaporali akawaita, wakarudi.

"Hakuruka," alisema. "Alibaki pale, pamoja nao. Nilidhani atabaki."

"Kwa nini abaki? Mabawa anayo! Nani aliniambia nisikate mabawa?"

"Ni miye."

"Donc ulikata kamba ili picha isidanganye. Kisha ukakuja kudanganya mutoto."

"Kitambaa sikukiona," alisema, kama vile hilo ndilo swali. "Macho. Nilikiona siku picha ilipotoka. Sikuweza kuandika nyuma."

"Ulivaa tai, Prof!"

Hapo aligeuza uso, akanitazama, au alitazama mahali alipofikiri niko. Uso wa mzee, wa kawaida kabisa, na machozi yanashuka upande mmoja tu. "Nilisema jioni," alisema. "Na jioni ilifika. Sikuwa na neno la kumwambia kwamba ameondoka tu. Kufa niliona iko rahisi kwake."

Niliondoka kabla sijamhurumia.

Nyumbani nilimwambia Mama yote, bila sukari. Alisikiliza. Alikwenda nyuma ya migomba, akafukua kopo, akatoa unyoya, akaupangusa. Akasema: "Basi twende tumuone." Kana kwamba Kaporali amelazwa hospitali na kuna saa za kutembelea.

Tulikwenda pamoja naye, na hiyo ndiyo mara ya mwisho kumwona Mwalimu, mwezi uliopita, siku ya safari yake ya kuhama. Vitu vyake vilitangulia na lori pamoja na mke. Yeye alishuka nasi kwenye shamba la binamu. Mama ndiye aliyemshika mkono na kumwongoza, "Hapa iko shimo, Prof, hapa iko mzizi," na yeye alifuata. Tulilala kifudifudi pale pale. Siafu walinikumbuka. Hakuna aliyesema kitu, hata mimi, muujiza ambao haukuandikwa popote.

Jua lilipopanda, wakaja. Mluzi kwanza, mbali, kisha mabawa. Mimi niliona kivuli kimoja baada ya kingine kikiingia kwenye michikichi, na Mama hakukimbia. Alikuwa anatafuta buluu. Hakuona buluu. Hata mimi sikuona. Nguo inaoza, inachanika, na walikuwa juu sana. Nilianza kutengeneza kichwani maneno ya kumwambia njiani.

Nilikuwa ninangoja "Ondoka!" Nilikuwa ninangoja "Weye mwizi!" Nikawaza, akitukana nitamtambua, ndiyo urithi niliompa. Mluzi ukanyamaza kidogo. Na kutoka juu, kwa sauti yangu, lakini sauti ambayo sikujua kwamba ninayo, taratibu, kama ya mtu aliyeshika sahani ya moto:

"Mama, kuja kula."

Mtoto wangu hakufikiri. Alijibu kama anavyojibu kila siku, kwa nguvu zote: "Ninakuja!"

Waliruka wote. Anga lote lilikuwa mikia.

Nikageuka kumtazama Mwalimu, nikijua kinachokuja. Mtu na mtoto wake hawana kazi hapa. Alikuwa amekaa kwenye majani, uso juu, mdomo wazi. Aparei ilikuwa shingoni. Kifuniko kilikuwa bado mahali pake.

"Prof, hukupiga?"

"Kupiga nini," alisema.

Mama alikuwa ameibeba picha ndani ya mfuko wa shule. Mimi nilikuwa nimemkataza. Aliiweka magotini kwa Mwalimu. Yeye akaigeuza, akapapasa mfuko wa juu kushoto, akatoa kalamu, akaandika. Herufi zilikuwa kubwa, zimelewa, moja imepanda juu ya nyingine. Akampa mtoto, tukampandisha kwenye moto, akaenda Banalia. Mgongo, kama kawaida.

Sijamsamehe. Atakapotaka kusamehewa aje aombe, njia anaijua, na kama haioni Mama atamshika mkono.

Picha iko ukutani kwangu. Nimeitundika mgongo mbele, ili kila anayeingia kumsifu yule mzee asome kwanza: *na hila*. Asubuhi Mama anaigeuza ili amwone Kaporali. Jioni ninaigeuza tena.